Vyakula vya baharini vya Zhoushan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Zhoushan iko wapi, na kwa nini samaki wake wanasifiwa China nzima?

Ni funguvisiwa la mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China, kusini kidogo ya mdomo wa mto Yangtze. Visiwa vyake vinapita 1,300, vingi vikiwa vidogo visivyo na watu. Siri iko kwenye maji. Yangtze na Qiantang humwaga tope lenye rutuba baharini, kisha mkondo wa joto unaopanda kutoka upande wa Taiwan hukutana na maji baridi yanayoshuka kutoka kaskazini. Hapo ndipo chakula cha samaki huzaliana kwa wingi, na samaki hukifuata.

Kitovu cha uvuvi ni bandari ya Shenjiamen, wilaya ya Putuo. Tangu Desemba 2009 kisiwa kikuu kimeunganishwa na jiji la Ningbo, bara, kwa mfululizo wa madaraja, kwa hiyo basi hufika bila kupanda feri. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda masoko ya Yiwu tayari wako mkoa huohuo, na makontena yao mengi hupakiwa bandari ya Ningbo-Zhoushan. Wengi hurudi nyumbani bila kuonja hata mnofu mmoja wa huko, na hiyo ni hasara kubwa.

Chakula cha huko kina ladha gani? Kina pilipili?

Pilipili ni kidogo sana, na viungo ni vichache: tangawizi, majani ya kitunguu, chumvi, siki, sosi ya soya na divai ya mchele. Wenyeji husaka kitu wanachokiita *xian*, yaani ule utamu wa samaki wa leo ambao si wa sukari. Samaki akiwa hivyo husema ni *tougu xinxian*, mbichi mpaka ndani ya mfupa. Upande wa pili kuna chumvi: kaa, konokono na samaki waliolowekwa au kukaushwa, wanaoliwa kidogo kidogo pamoja na uji wa wali asubuhi. Mtu aliyezoea mchuzi wa nazi anaweza kuona chakula kimepooza siku ya kwanza. Aanze na samaki wa mvuke, asiombe pilipili, na atafune polepole.

Niende mwezi gani?

Swali hili lina uzito kuliko la mgahawa upi, maana kila samaki ana mwezi wake.

Kabla ya yote, fahamu kwamba kuna marufuku ya uvuvi ya kiangazi, iliyoanza mwaka 1995. Kwa sasa huanza tarehe 1 Mei saa 6 mchana na kufunguliwa kwa awamu: zana nyingine huruhusiwa Agosti, na nyavu kubwa za kukokota hurudi baharini katikati ya Septemba. Ukifika Juni ukaagiza daiyu, yaani samaki mkanda, utapewa wa barafu wa miezi iliyopita, hata kama picha ukutani inang'aa.

Novemba hadi Januari ndio moyo wa mwaka. Daiyu huwa amenona, hasa kuelekea siku fupi kuliko zote ya Desemba. Kaa jike huwa amejaa mayai mekundu. Na upepo mkavu wa kaskazini-magharibi huanza kukausha mikunga. Masika ya huko, Machi na Aprili, ni zamu ya samaki wadogo wa manjano na konokono wa matope. Dome hukaribia visiwa kutaga mayai mwezi Mei. Kiangazi, wakati meli zimefungwa gatini, shughuli huhamia kwenye miamba na mashamba ya baharini: kome wa visiwa vya Shengsi hunenepa, na *foshou*, viumbe wanaoshika mwambani, hubanduliwa mawe yakiwa wazi maji yakipwa. Agosti kaa dume huwa wa kwanza kufika sokoni.

Ukiwa na wiki moja tu ya kuchagua katika mwaka mzima, chagua katikati ya Desemba. Beba koti zito, kwa sababu upepo wa visiwani hukata.

"Samaki wanne wakuu" wa Zhoushan ni wepi, na bado wapo?

Ni samaki mkubwa wa manjano (*da huangyu*), samaki mdogo wa manjano (*xiao huangyu*), daiyu, na dome. Daiyu na mdogo wa manjano bado huvuliwa kwa wingi. Dome wa asili wa huko amepungua sana. Mkubwa wa manjano ndiye aliyeumizwa kuliko wote.

Samaki huyu ana mawe makubwa ya sikio ndani ya kichwa, na bondo lake hutoa sauti. Miaka ya 1950 mbinu ya kugonga mbao kwenye kingo za mashua ilienea kutoka Guangdong ikipanda kaskazini. Mtetemo ulimpumbaza samaki wa kila umri, akaelea juu ya maji. Mbinu hiyo ilipigwa marufuku miaka ya 1960. Kisha mwaka 1974 meli za injini zilimfuata hadi kwenye maji ya kina anakojificha baridi, zikamvua kwa wingi uliopita kiasi. Makundi yake hayajarudi kama zamani hadi leo.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaouza mabondo ya sangara wanaweza kuelewa vizuri jinsi hamu ya soko inavyommaliza samaki, kwa kuwa soko kubwa la mabondo yao ni China hiyohiyo.

Nitajuaje kama samaki wa manjano ni wa porini au wa kufugwa?

Wengi kupita kiasi ni wa kufugwa, hasa kutoka Ningde katika mkoa wa Fujian, na hakuna ubaya kumla wa kufugwa mradi ulipe bei yake. Wa porini mwenye kilo moja na zaidi anaweza kufika maelfu ya yuan kwa nusu kilo. Wa kufugwa ni makumi tu.

Tazama umbo. Wa porini ni mwembamba, na sehemu kati ya tumbo na mkia ni ndefu na nyororo. Wa kufugwa ana tumbo lililojaa na shina la mkia fupi, nene. Akishaiva, nyama ya wa porini huachana kwa vipande vigumu kama punje za kitunguu saumu, ilhali ya wa kufugwa ni laini na ina mafuta. Rangi ya dhahabu peke yake haithibitishi kitu. Hufifia kwenye mwanga, ndiyo maana hata wafugaji huvua usiku ili ibaki. Mfute tumboni kwa karatasi nyeupe yenye unyevu. Karatasi ikigeuka njano kali, huenda amepakwa rangi, mwache.

Supu ya samaki wa manjano na majani ya haradali inakuwaje nyeupe kama maziwa bila maziwa?

Supu hiyo, *xuecai datang huangyu*, ni ya Ningbo na Zhoushan kwa pamoja. Weupe wake ni mafuta yaliyopasuliwa kuwa matone madogo sana na mchemko mkali, yakashikwa na utomvu wa ngozi na mifupa.

Chukua samaki wa gramu 600 hadi 750. Paa magamba, kisha bandua ngozi nyembamba ya juu ya kichwa, maana hiyo ndiyo yenye shombo. Wenye mkono mwepesi hawapasui tumbo: huingiza vijiti viwili vya kulia kupitia mdomoni, kimoja kila upande wa matamvua, huvisokota pamoja, na matamvua na matumbo hutoka kwa mvuto mmoja. Mkate mistari michache ubavuni na umfute akauke kabisa.

Pasha karai mpaka litoe moshi kidogo, tia vijiko 2 vya mafuta na vipande 5 vya tangawizi, mkaange dakika 1 hadi 2 kila upande. Mimina kijiko cha divai, kisha lita 1 na robo ya maji yanayochemka. Funika, moto mkali, dakika 7 au 8. Ongeza gramu 100 za majani ya haradali yaliyochachushwa kwa chumvi, yawe yamekatwakatwa na kusuuzwa mara moja, na gramu 50 za machipukizi ya mwanzi. Dakika 3 zaidi, onja, ndipo ufikirie chumvi. Mara nyingi haihitajiki.

Supu ikibaki maji maangavu, sababu ni moja kati ya tatu: maji yalitiwa baridi, moto ulipunguzwa mapema, au samaki hakukaangwa kwanza. Ikiwa chungu, nyongo ilipasuka.

Daiyu ni samaki gani?

Jina lake maana yake ni samaki mkanda: mrefu, bapa, rangi ya fedha, mkia umechongoka kama uzi, meno makali. Hufa karibu mara tu anapotolewa majini, kwa hiyo usitafute aliye hai sokoni.

Wa Zhoushan anatambulika kwa kichwa kidogo, jicho dogo jeusi na mwili usio mpana sana lakini wenye mafuta. Uti wake ni laini. Wengi wa kutoka maji mengine wana vinundu kwenye mifupa ambavyo mdomo huvisikia. Chunguza pia ile fedha. Aliyevuliwa kwa mshipi hubaki na utando wote, anang'aa kama kioo. Wa wavu wa kukokota huwa amechubuka mabaka mabaka. Wa mshipi ni ghali zaidi, na kwa kupika kwa mvuke anastahili bei hiyo.

Nikwangue ile fedha au niiache?

Iache kama samaki ni wa leo. Ni utando mwembamba ulio mahali pa magamba, una mafuta na unalika. Ikiwa imegeuka njano, mafuta yameoza kwa hewa, na hapo kuikwangua hakutamwokoa samaki sana. Kinachopaswa kutoka kila mara ni ngozi nyeusi iliyotanda ndani ya tumbo, pamoja na damu iliyoganda kando ya uti. Hivyo viwili ndivyo chanzo cha shombo.

Daiyu wa mvuke anapikwaje bila kukauka?

Kwa nusu kilo, kata vipande vya sentimita 6 hadi 7. Paka gramu 5 za chumvi na kijiko 1 cha divai, tia tangawizi na majani ya kitunguu, acha dakika 10 tu. Mvuke uwe umeshapamba moto ndipo sahani iingie. Dakika 7 au 8, toa. Ikiwa samaki ni wa siku hiyo, yale maji yaliyojikusanya kwenye sahani usiyamwage, ndiyo mchuzi wenyewe. Ikiwa alikuwa wa barafu, yamwage na utie vijiko 2 vya sosi ya soya iliyopashwa moto.

Kuna njia nyingine tatu zinazofaa kuagizwa. Ya figili zilizokatwa nyuzi ni tamu sana wakati wa baridi, kwa kuwa figili hunyonya mafuta ya samaki. Ya sosi ya soya na sukari huanza kwa kukaanga, na humshinda mtu anayetia samaki mwenye maji kwenye karai lisilo moto: ngozi yote hubaki karaini. Ya tatu ni ya machicha ya divai, ambapo vipande vilivyokaushwa nusu hupangwa kwenye mtungi kwa tabaka na kufungwa kwa mwezi au zaidi.

Kaa: nichague dume au jike?

Inategemea mwezi. Kaa wa huko, *suozixie*, ana gamba lenye ncha mbili ndefu kando, nundu tatu mgongoni, na miguu ya mwisho bapa kama makasia. Mgeuze: kifuniko cha tumboni kikiwa chembamba chenye ncha ni dume, kikiwa kipana cha mviringo ni jike. Agosti hadi Oktoba nunua dume, ana nyama. Kuanzia Novemba mpaka Februari nunua jike, na mwinue kwenye mwanga: ncha za gamba zikiwa na kivuli chekundu ndani, amejaa mayai.

Bonyeza pia mguu wa kasia na upande wa chini wa gamba. Vikididimia, kaa huyo ni maji matupu, amejivua gamba karibuni.

Anapikwaje asipoteze mayai na miguu?

Mlaze mgongo chini, tumbo juu, ili mafuta na mayai yabaki ndani ya gamba kama bakulini. Aliye hai ukimtia kwenye mvuke mkali atajikunja na kuangusha miguu, kwa hiyo muue kwanza kwa kumchoma katikati ya kifuniko cha tumbo, au mlaze kwenye barafu mpaka apoteze nguvu. Gramu 300 huchukua dakika 12 hadi 15 tangu maji yachemke. Mezani toa matamvua ya kijivu, mfuko mdogo wa tumbo ulio nyuma ya mdomo, na kipande cheupe cha pembe sita katikati. Chovya kwenye siki yenye tangawizi. Magando usiyapasue kwa meno. Pigo moja la mgongo wa kisu linatosha.

Qiangxie, kaa mbichi wa chumvi, hutengenezwaje?

Ni fahari ya meza ya mwaka mpya. Hutumika jike tu, mwenye mayai mekundu, aliye hai au aliyekufa muda mfupi uliopita kwenye barafu. Hupigwa brashi, husuuzwa na kuachwa achuruzike. Kwa kila lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa gramu 300 hivi za chumvi. Kaa hulazwa tumbo juu, juu yake huwekwa sahani na jiwe, na huachwa saa 12 kama ni mdogo, hadi saa 24 kama ni mkubwa. Wengi humgandisha baada ya hapo, kisha humkata angali nusu barafu ili mayai yasimwagike.

Akikatwa vizuri, nyama huwa angavu kama kioo cha taa, na mayai ni utomvu wa rangi ya chungwa iliyokolea, unaong'ang'ania gamba. Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Kaa akielea, sehemu iliyo nje ya maji haipati chumvi na mayai huwa meusi. Chumvi ikiwa pungufu, nyama hulegea na kunuka kwa siku moja. Muda ukizidi, nyama husinyaa na kinachobaki ni uchungu wa chumvi.

Ni salama kumla mbichi?

Si salama kikamilifu, na inafaa ujue kwa nini. Bakteria wa vibrio wanaishi baharini na wanapenda chumvi ya kawaida; chumvi kali huwazuia kuongezeka, lakini haiwaui wote. Kugandisha hupunguza hatari ya minyoo, si ya bakteria. Siki husaidia, nayo haitoi dhamana. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu, mwenye ugonjwa wa ini au kinga hafifu asiguse. Mwenye afya akitaka kuonja, aonje pale panapouzwa kwa wingi kila siku, aliyetolewa kwenye baridi mbele yake. Mayai yakiwa na rangi ya kahawia au yametengana na maji, asile hata kidogo.

Xiang ni nini? Ni sawa na ng'onda?

Ni ndugu. *Xiang* ni samaki aliyepasuliwa, akafunguliwa kama kitabu na kukaushwa. Tofauti kubwa ni kwamba ng'onda wetu hutegemea chumvi nyingi na jua kali, ilhali *xiang* bora ya Zhoushan hutegemea upepo baridi kivulini, na chumvi kidogo au bila kabisa.

Maarufu zaidi ni ya mkunga, *manxiang*. Kuna msemo kwamba mkunga wa upepo mpya humshinda kuku kwa ladha. Mkunga hupasuliwa mgongoni kutoka kichwa hadi mkia, hutolewa matumbo na damu, kisha haoshwi kwa maji. Hufutwa kwa kitambaa kikavu tu. Vijiti vya mwanzi hupachikwa kumtandaza, naye hutundikwa mahali penye upepo, kivulini, kwa wiki moja hivi kulingana na unene.

Watu hukosea hapo kwenye maji. Ukimwosha, nyama hunyonya unyevu, ngozi ya juu haikazi upesi, na uozo huanza chini yake kabla upepo haujafika. Ukimweka juani, mafuta hutoka juu, yanageuka njano na kuwasha koo. Na siku ikipata joto na ukungu, ondoa mkunga uweke kwenye jokofu, urudishe upepo ukigeuka. Aliyeiva hubonyea kidogo kwa kidole, hana utelezi, na nyama yake ni nyeupe yenye kung'aa.

Kumla ni rahisi: kipande cha gramu 250, tangawizi, kijiko cha divai, mvuke dakika 15. Chana kwa mikono kufuata nyuzi, usikate kwa kisu, kisha chovya kwenye siki.

Kuna samaki wa chumvi anayenuka sana. Ameharibika?

Huenda sivyo. *Sanbao leyu* hutiwa chumvi mara tatu kwa miezi, na harufu yake ni ya kuchachuka. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kwenye mayai mawili yaliyokorogwa, mvuke dakika 10, kinatosha mezani kwa watu wanne. Asiyependa asijilazimishe.

Xiachan anasambaratika kila nikimkaanga. Nakosea wapi?

Ni samaki ambaye mwili wake karibu wote ni maji, ndiyo maana wengine humwita samaki wa tofu. Kata vipande vya sentimita 4, nyunyiza kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu kilo, acha dakika 15 kwenye chujio, kisha vikaushe kwa kitambaa bila kukamua. Rojo liwe zito: gramu 80 za unga wa ngano, 40 za wanga wa mahindi, yai 1, na maji kidogo tu hadi lidondoke polepole kijikoni. Mafuta ya nyuzi 170, vipande vichache kwa wakati, usivigeuze mpaka ganda likaze. Toa, pandisha moto, rudisha kwa nusu dakika. Ukijaza karai, joto linashuka na rojo linabanduka kabla halijashika.

Konyeza analiwaje? Si anawasha?

Haliwi mbichi. Wavuvi humkamua maji kwa chumvi na shabu mara tatu, mpaka anabaki ngozi ngumu yenye mlio wa kukatika mdomoni. Loweka saa 6 hadi 8 ukibadilisha maji mara kadhaa, kutoa chumvi na shabu. Kata nyuzi, mwagia maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 70 hadi 80, kwa sekunde chache, na mara moja kwenye maji baridi. Maji yakiwa yanachemka atasinyaa kama raba. Siki, mafuta ya ufuta, tango, basi.

Kome wa Shengsi na foshou?

Kome wa Shengsi, hasa wanaozunguka kisiwa cha Gouqi, hufugwa kwenye kamba zinazoning'inia baharini. Sugua, ng'oa nyuzi za ndevu, tia sufuriani bila maji pamoja na tangawizi, funika, dakika 4 hadi 5. Wasiofunguka tupa. Waliokaushwa huitwa *dancai* na hutia ladha supu ya figili.

*Foshou*, yaani mkono wa Buddha, ni viumbe wanaoshika mwambani wenye kucha za kijani juu na shina la ngozi chini. Chemsha kwenye maji ya chumvi dakika 2 au 3, shika kucha, chana ngozi ya shina na uvute nyama. Geuza ncha mbali na uso, maana hurusha maji ya moto.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Samaki wapo tele, ila tatizo ni vitu viwili visivyoonekana: divai ya mchele, inayotiwa karibu kila sahani ya samaki, na mafuta ya nguruwe, yanayopendwa kwenye supu za samaki anayekaangwa kwanza. Onyesha maandishi haya kwenye simu kabla ya kuagiza: 不要放酒 (usitie pombe) na 不要放猪油 (usitie mafuta ya nguruwe). Agiza cha mvuke au cha kuchemsha kwenye maji ya chumvi, kinachopikwa mbele yako. Epuka chochote chenye neno *zui* (kulewesha) au *zao* (machicha ya divai), pamoja na konokono wa matope, *niluo*, kwa vile kwa kawaida hulowekwa kwenye divai. *Manxiang* omba ipikwe kwa tangawizi tu; haipotezi kitu cha maana.

Sokoni na mgahawani nisije nikapunjwa, nifanyeje?

Bei hutajwa kwa *jin*, ambayo ni gramu 500, wala si kilo. Mgahawani samaki hupangwa mbele. Unachagua, wanapima, wanapika. Uliza bei ya *jin* na gharama ya kupika kabla samaki hajatoka kwenye mizani. Hakikisha maji yamechuruzika kwenye kikapu, na kaa waliofungwa kwa kamba nene yenye maji wafunguliwe kwanza. Ukichagua kaa wako, mvunje ncha ya mguu mmoja mdogo ili umtambue akirudi mezani.

Naweza kupika haya nikiwa Mombasa, Tanga au Unguja?

Mengi, ndiyo. Samaki mkanda yupo pia Bahari ya Hindi, na mapishi ya mvuke humfaa hivyohivyo. Changu mdogo anafaa kwa ile supu nyeupe. Badala ya haradali ya chumvi tumia mchicha mgumu au sukuma wiki iliyokatwa, ukaikanda kwa chumvi asilimia 3 na kuiacha siku tatu. Kaa wa mikoko mpike kwa mvuke, dakika 18 hadi 20 kwa nusu kilo, kwani gamba lake ni nene. Usimfanye *qiangxie*: ni kaa mwingine, maji yetu ni ya joto mwaka mzima, na vibrio hupenda joto.

Mkunga wa upepo hawezekani nje kwenye nyuzi 30 na unyevu wa pwani. Ataoza usiku wa kwanza. Tumia jokofu. Mpasue, mfute, paka chumvi asilimia 2 ya uzito wake, mlaze juu ya waya bila kumfunika kwenye nyuzi 2 hadi 4, na mgeuze kila baada ya saa 12. Mnofu wa unene wa sentimita 2 hukaza kwa siku 3 au 4. Weka trei chini, kwa sababu siku ya kwanza hutona sana, na ufunike maziwa yako vizuri kabla hujaanza.